Ulimi wa Donatus

Habari yenyewe ilikuwa hivi: kwamba yule mzee wa Kihindi anayekaa nyuma ya duka la pamba pale Kharumwa huwakata vijana ncha ya ulimi. Akishawakata huwageuza misukule, watu wasio na sauti wala akili zao, na jua likizama huwapeleka upande wa Geita kumchimbia dhahabu, huku makwao watu wakidhani wamelala. Nani aliyewaona wakichimba, hakuna aliyemtaja. Lakini Paskazia aliisikia mwezi wa saba, mwaka wa arobaini na saba, amekaa uani anachambua pamba, na tangu hapo haikumtoka. Aliifukuza kwa rozari, ikarudi. Aliifukuza kwa jembe, ikamfuata shambani na kukaa naye mtaroni.

Aliyeileta ni jirani yake Esta, mpika pombe ya mtama, mwanamke ambaye husikia mambo kabla hayajatokea.

"Mama Donatus, mwanao anasema?"

"Anasema nini?"

"Nakuuliza kama anasema. Ana sauti?"

Paskazia alitupa pamba safi kwenye kikapu cha pamba safi, na pamba fifi, ile chafu, kwenye kikapu cha fifi. "Amenyamaza kwa hiari yake. Aliniaga kabla ya kunyamaza. Siku arobaini, halafu atasema."

"Aa. Aliaga." Esta akachekea puani. "Hata mume wangu wa kwanza aliaga. Alisema anakwenda kununua chumvi."

Wanawake wengine wakacheka, na Paskazia akacheka nao. Kisha Esta akainama, akamweleza ile habari ya ulimi, taratibu, kwa sauti ya kumwonea huruma. Paskazia alipotazama mikono yake aliona amechanganya safi na fifi kikapu kimoja.

Donatus alikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki hai. Alichukuliwa uaskari mwaka wa arobaini na mbili, akavushwa bahari mpaka Burma, akarudi mwaka wa arobaini na sita na blanketi la jeshi, viatu, na macho ambayo Paskazia hakumzaa nayo. Huko Burma handaki liliwaangukia, yeye na mwenziwe Gregory, kijana wa Biharamulo. Walifukiwa tangu asubuhi hadi jua la alasiri. Donatus alitolewa hai. Gregory alikuwa amekufa zamani, kifua kwa kifua naye.

Aliporudi aliandikwa kazi katika mgodi wa dhahabu upande wa Geita, kazi ya chini ya ardhi. Baruti ya kwanza ilipolia, alichimba ukuta kwa kucha mpaka vidole vikatoka damu. Wakampandisha juu, naye akarudi nyumbani kwa miguu.

Tangu hapo hakulala ndani ya nyumba. Alikaa nje, mgongo ukutani, fimbo mkononi, akisinzia kama kuku. Siku moja ya baridi Paskazia alimhurumia, akaenda polepole kumfunika blanketi mpaka kichwani. Donatus aliamka akamkaba koo. Alipomtambua mama yake alilia, akamwambia, "Mayu, nguo usinipitishe usoni. Nipige ukitaka, nguo usinipitishe usoni." Neno hili lishikwe, kwa sababu Paskazia alilijua. Hawezi kusema hakulijua.

Alimpeleka kwa padri, akaombewa. Alimpeleka zahanati, wakampa vidonge vyeupe. Alimpeleka kwa mfumu, mganga wa kwao, naye akasema marehemu wa Burma anadai kuzikwa. Wakachinja mbuzi, wakazika kichwa chake na kumlilia Gregory kama ndugu wa ukoo. Donatus alishukuru sana, akarudi kwenye ukuta wake na fimbo yake.

Msimu wa pamba wa mwaka huohuo ulipofika alikwenda kubeba magunia dukani. Gunia likaanguka kutoka juu ya rundo, likapiga sakafu kwa kishindo, na Donatus akaonekana chini ya mizani amejikunja anatetemeka. Wachukuzi walicheka. Mzee mmoja wa Kihindi, mwembamba, aliyevaa shuka nyeupe, alitoka nyuma ya duka, akaketi sakafuni karibu naye, akawa anapumua kwa sauti mpaka kijana naye akaanza kupumua hivyo.

Huyo alikuwa Karsandas, baba mkubwa wa mwenye duka. Aliwahi kuwa mfanyabiashara, mke wake akafa, akaacha biashara, akaenda kukaa miaka mingi kwa walimu wa dini huko kwao. Watu walimwita Bapu. Wahindi wenzake waliosafiri kutoka Kahama na Shinyanga kuja kumsikiliza walimwita guru, naye alimweleza Donatus kwamba maana yake ni mwalimu tu, basi.

Mafundisho yenyewe Donatus alimsimulia mama yake jioni, wakimenya karanga. Hayakuwa makubwa. Unakaa mgongo umenyooka. Unafuata pumzi ikiingia, unaifuata ikitoka. Hulazimishi kitu.

"Na Gregory akija?" Paskazia aliuliza, maana alijua kwamba Gregory huja.

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, usimfukuze. Mwambie karibu, kaa hapa. Halafu wewe endelea kupumua."

"Basi? Hakuna dawa?"

"Hakuna, mayu."

"Na anataka nini?"

"Nimfagilie kibaraza."

Mwezi wa kwanza fimbo ililala chini. Mwezi wa pili Donatus akahamia mlangoni. Mwezi wa tatu aliingia ndani na mkeka wake, na alfajiri Paskazia alimsikia anakoroma. Alikoroma vibaya, kama marehemu baba yake. Paskazia alikaa kitandani akisikiliza huku machozi yakimshuka, akaomba jogoo asiwike.

Angeshukuru na kuishia hapo. Lakini mama mwenye hofu hata furaha huipekua.

Kwanza kijana aliacha nyama. Kwenye tanga la mzee mmoja, ng'ombe amechinjwa, Donatus alipokea michembe ya viazi na maziwa ya mgando peke yake. Maige, mdogo wa marehemu mumewe, alisimama mbele ya watu: "Mwanamume wa Kisukuma anakula majani kama mbuzi!"

"Baba mdogo," Donatus akamjibu, "mbuzi anakula majani, na wewe unamla mbuzi. Tumekutana humo humo."

Watu waliangua kicheko, na Maige hakusahau.

Halafu ndipo ikaja ile ya kunyamaza. Donatus alimketisha mama yake, akamweleza polepole. Alisema Gregory sasa anakuja mara chache, ila akija bado anamfanya apige kelele. Bapu amempa kazi: siku arobaini bila neno, ili kelele ife njaa. "Kila asubuhi nitatia mbegu moja ya pamba kwenye kibuyu kile. Zikifika arobaini, neno langu la kwanza litakuwa kukuamkia wewe. Usiogope, mayu."

"Siogopi," alisema Paskazia. Siku hiyo hakuogopa kweli.

Ila kwao salamu si jambo dogo. Kijana akikutana na mkubwa huchutama, hupiga makofi, hutaja ukoo wake, na mkubwa humjibu kwa ukoo. Asiyejibu salamu ni adui, au ana jambo asilotaka lijulikane. Donatus aliendelea kuchutama na kupiga makofi vizuri kuliko vijana wote, lakini sauti haikutoka. Wazee walianza kugeuza njia. Watoto walimwita maiti. Maige alipigiwa makofi hivyo mara tatu, na mara ya tatu alitema mate chini.

Kwa hiyo Esta alipoleta habari ya ulimi, ilikuta mahali pamekwisha fagiliwa.

Paskazia alianza kumchungulia mwanawe akila. Alimpa uji wa moto ili aone kama atauma meno na kutoa ulimi. Alimpikia mlenda, akatazama anavyoulamba. Mara alidhani ameuona ulimi, mara alidhani ameona kisiki tu. Akapungua mwili. Kibuyu kilikuwa na mbegu thelathini. Angeweza kuhesabu vidole vya mikono yake miwili, akangoja. Badala yake siku ya Alhamisi alijifunga kaniki, akaenda Kharumwa kumwuliza mzee mwenyewe.

Alimkuta Bapu amekaa kwenye kibaraza, macho yamefumbwa nusu.

"Shikamoo, mzee. Mimi mama yake Donatus."

Mzee aliunganisha viganja, akainamisha kichwa, akatabasamu.

"Nimekuja kuuliza. Mwanangu umemfanya nini?"

Mzee akamsogezea sahani ya dengu za kukaanga. Hakusema neno. Paskazia aliuliza tena, akauliza mara ya tatu, sauti ikapanda mpaka mwenye duka akatoka mbio na kalamu sikioni.

"Mama, mama! Bapu leo hasemi. Alhamisi hasemi, hata mimi hanisemeshi. Njoo kesho asubuhi, utasema naye mpaka uchoke."

Njoo kesho. Maneno mawili, na njia ya saa moja. Lakini Paskazia aliona watu wawili wasiosema, mkubwa na mdogo, akaona ni ugonjwa mmoja. Dengu hakuzigusa. Na kesho yake, badala ya kurudi Kharumwa, alikwenda kwa Maige. Alikwenda mwenyewe. Hakutumwa na mtu.

Maige alikuwa anakamua ng'ombe. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shemeji, jambo hili halina fumbo. Tunamfungua mdomo, tunatazama. Ulimi ukiwepo, tumenyamaza. Usipokuwepo, tunajua pa kwenda na mapanga."

"Hatakubali."

"Nani anamwomba? Nitakuja na vijana wangu wawili. Wewe lete mwiko wa kupenulia meno. Lete na kitu cha kumfunika macho. Mtu wa namna hiyo akiona mkono unaomfungua, anaukausha."

"Kumfunika?" Paskazia alisema. "Maige, nguo usoni hawezi."

"Dakika moja tu! Unataka mwana au unataka adabu?"

Adhuhuri ya siku hiyo Donatus alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba, mgongo umenyooka. Asubuhi alikuwa ametia mbegu ya thelathini na moja. Alimwona baba yake mdogo anakuja, akageuka kuchutama, akainua viganja kupiga makofi. Hapo ndipo walipomrukia. Vijana wa Maige walishika mikono, Maige akakalia kifua. Naye Paskazia, aliyemzaa, ndiye aliyetupa lile blanketi la jeshi usoni pa mwanawe na kulikandamiza kwa magoti pande mbili.

Kwanza Donatus hakupigana. Alitulia kabisa. Paskazia alihisi pumzi yake chini ya blanketi, ikiingia, ikitoka, ndefu, kama anayejitahidi kushika kamba. Moja. Mbili. Tatu. Kisha kamba ikakatika.

Maige alikuwa ameingiza mwiko chini ya blanketi, amepenua. "Funua kidogo nione!" Paskazia akafunua ukingo. Ulimi ulikuwepo. Mwekundu, mrefu, mzima, kama alivyozaliwa nao. Na juu ya ulimi huo ikatoka sauti ambayo kijiji kizima kiliisikia: "Gregory! Usilale! Gregory, usilale, wanachimba, wanakuja, usilale!"

"Upo," Maige alisema. "Jamani, ulimi upo."

Hakumaliza. Donatus alimtupa kama gunia, mfupa wa bega ukavunjika, vijana wawili wakakimbia. Donatus alianza kuchimba ukuta wa nyumba. Alichimba kwa kucha, udongo ukamwagika, akafika kwenye miti, akaendelea. Paskazia alimshika kiuno akimwita majina yake yote, la ubatizo, la babu, la utotoni. Hakusikia hata moja.

Sasa alisema. Mama aliyetaka sauti alipewa sauti. Alisema siku tatu, Kiswahili cha jeshi, Kisukuma, na maneno ya huko Burma, mpaka koo likawa linatoa upepo tu. Siku ya nne alikichukua kibuyu, akawamwagia kuku mbegu thelathini na moja. Kuku walidonoa, wakaziacha. Yeye akachukua fimbo, akarudi nje, lakini si kwenye ukuta wa nyumba tena. Alikaa mbali, penye mipaka ya shamba, akiutazama mlango wa mama yake kama askari anavyotazama njia ya adui.

Paskazia alibeba kuku, akaenda kwa Bapu. Njiani alikumbuka kwamba mzee hali nyama, akaona haya, lakini hakuwa na kitu kingine cha kushika.

Mzee alimtazama kuku, akatabasamu kidogo. "Huyu arudi nyumbani, mama. Ana watoto?" Kisha akasikiliza. Paskazia alisema yote, hata blanketi, hata magoti. Hakujipunguzia.

Uso wa Bapu ukawa wa mtu aliyeumizwa.

"Ulikuja Alhamisi," alisema. "Mama mwenye hofu amekuja, mimi nimelinda kimya changu. Nilipenda sheria yangu kuliko wewe. Hilo kosa langu, nitalibeba."

"Mpe dawa, mzee."

"Dawa sina. Alikuwa na siku thelathini na moja. Sasa aanze moja."

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe unapumua?"

Paskazia alidhani anadhihakiwa. Kumbe kweli pumzi alikuwa ameikamata tangu mlangoni. Mzee akamfundisha palepale, kwa muda wa kuchemsha chai, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya Esta kifua chake kilishuka. Akaona jinsi jambo lenyewe lilivyo dogo. Ndilo alilolikandamiza kwa magoti.

Alasiri hiyo Bapu alitembea na fimbo yake mpaka kwao. Hakumkaribia Donatus. Aliketi hatua kumi mbali naye, mgongo umenyooka, jua linampiga kwenye kipara, akapumua. Mpaka ng'ombe wanarudi, Donatus alikuwa ameiweka fimbo chini. Mzee alikuja kesho yake, na kesho kutwa.

Lakini Maige, mkono shingoni, alikuwa amekwisha kwenda kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji. Alisema Mhindi ametia wazimu mtoto wa ndugu yake mpaka amevunja watu mifupa. Wa kumkanusha alikuwa Paskazia. Aliitwa mbele ya baraza, akaulizwa, "Mama, ni kweli mwanao alikuwa mzima kabla hamjamshika?" Akatazama watu wote waliokuja, Esta mbele, na Maige aliyekuwa akimlimia shamba tangu ujane wake. Akasema, "Sijui." Neno hilo lilitoka kwa mnong'ono tu. Lakini lilitosha. Mwenye duka aliogopea duka lake, akampandisha baba yake mkubwa kwenye lori la pamba linalokwenda Shinyanga.

Lori lilipokuwa linapakiwa, Donatus alikuja na viatu vyake vya jeshi begani. Blanketi hakulichukua. Paskazia alimkimbilia.

"Ng'wanone, mwanangu, unakwenda wapi? Msamehe mama yako."

Donatus alichutama, akapiga makofi. Sauti yake ilikuwa bado imekwaruza. "Nimekusamehe, mayu. Nilikusamehe siku ileile. Lakini usingizi haunisikilizi mimi. Nikiwa karibu nawe, hauji."

"Utarudi lini?"

"Utakapokuja."

Paskazia hakujua kama anasema usingizi, au anamsema yeye. Hakuthubutu kuuliza. Lori liliondoka, vumbi likakaa juu ya pamba yote iliyobaki.

Mwaka uliofuata barua ilikuja kutoka Shinyanga. Donatus anafanya kazi ya useremala. Bapu alifariki wakati wa masika, amekaa. Siku arobaini zilitimia, na neno la kwanza alimwamkia mama yake, akielekea upande wa Kharumwa, ingawa mwenyewe hayupo kuitika. Analala ndani. Hakuandika kwamba anakuja. Miaka mitano sasa hajaandika hivyo.

Paskazia alisoma mpaka darasa la nne misheni. Mwaka huu Klara wa Bugarama, ambaye mumewe alifukiwa shimoni na kutolewa hai, alikuja kumwuliza, maana mume naye hasemi, na kwa majirani maneno yamekwisha kuanza. Paskazia alimpa uji, akamsimulia haya yote, kisha akachana karatasi ya kalenda ya misheni, akamwandikia nyuma yake kwa penseli:

Usimfunike uso.

Usimwamshe kwa kumgusa. Mwite kwa jina ukiwa mbali.

Usimshike kwa nguvu, wala usiwaite wanaume kumshika.

Usimlazimishe nyama.

Usimpime kwa uji wa moto.

Usichambue pamba na mtu anayekuonea huruma kwa sauti ya chini.

Usimwogope mwalimu kwa kuwa dini yake si yako. Tazama kama mgonjwa analala.

Ukiambiwa njoo kesho, usiende kwa mtu mwingine.

Ukiulizwa mbele ya watu, usiseme sijui kama unajua.

Usihesabu siku zake. Mwache ahesabu mwenyewe.